Tope la Rombo Latoka Wapi?

Msafiri atokaye Oloitokitok kwenda Taveta huwa na mlima Kilimanjaro mkono wake wa kuume njia nzima. Hupita Illasit, mji wa soko ulio mpakani kabisa, ambao ng'ambo yake ni Tarakea katika nchi ya Tanzania. Kisha huteremka mpaka Rombo, na mbele ya Rombo ni Njukini, na mwisho wa safari ni Taveta. Mkono wake wa kushoto nchi hulala tambarare, ikizidi kuwa kavu, mpaka inapoingia katika mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi. Rombo basi ni nchi iliyo kati ya mlima na nyika, katika pembe ya kusini-mashariki ya Kajiado. Wenyeji wake ni Wamasai wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo, na pamoja nao wako wakulima wengi wanaopanda mahindi, maharagwe, vitunguu na nyanya kwa maji ya mifereji.

Msomaji asichanganye majina. Upande wa pili wa mpaka pia iko Rombo, ndiyo wilaya ya Wachaga iliyo juu ya mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro. Mpaka uliotiwa na Wazungu katika karne ya 19 uliligawa jina hilo kwa nchi mbili, lakini haukuyagawa maji. Mvua inyeshayo juu kwa Wachaga hushuka chini kwa Wamasai, na maji hayaonyeshi hati ya kusafiria.

MAJI YA NAMNA MBILI

Katika nchi hii kuna maji ya namna mbili, na yafaa tuyatofautishe kwanza.

Maji ya kwanza ni ya chemchemi. Mvua inyeshayo katika msitu wa Kilimanjaro haishuki yote juu ya ardhi. Nyingi huzama katika mawe ya volkeno, ambayo yana matundu na nyufa tele, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikatokea mguuni pa mlima ikiwa safi kama kioo. Maji ya namna hii ndiyo yanayojaza chemchemi za Nolturesh karibu na Oloitokitok, ambazo zilitiwa bombani zikapelekwa mbali sana mpaka upande wa Machakos. Ndiyo pia yanayoilisha mifereji ya wakulima. Hayana tope, kwa sababu mlima wenyewe umeyachuja.

Maji ya pili ni yale ya mvua iangukayo juu ya ardhi iliyo wazi. Kuna makorongo ambayo kwa miezi mingi huwa makavu, watoto wakichezea mchanga wake na mbuzi wakilala kivulini. Mvua za vuli au za masika zikifika, korongo hilo hilo hujaa kwa muda wa saa moja, na maji yake huwa mazito, ya rangi ya kahawia au nyekundu. Maji hayo yakiingia katika mfereji, huacha tope na mchanga ndani yake. Mfereji hupungua kina, maji humwagika pembeni, na mkulima aliye mwisho wa mfereji hukaa siku kadhaa akingojea zamu isiyofika. Yampasa atoke na jembe na sepetu kuzoa tope pamoja na wenzake, na mwaka ujao kazi ni ile ile.

Basi swali la haki ni hili: Je, tope hilo ni la nani? Maana tope lililo mferejini si takataka iliyozaliwa majini. Ni shamba la mtu fulani, au malisho ya mtu fulani, au ukingo wa njia fulani, uliohama bila ruhusa ya mwenyewe.

KILA MTU NA MSHTAKIWA WAKE

Ukiwauliza watu, hutakosa jibu. Mkulima huwanyoshea kidole wafugaji, akisema kwato za ng'ombe zimeipondaponda nchi mpaka imekuwa vumbi. Mfugaji hujibu kwamba nchi ilikaa na ng'ombe miaka mingi bila kuteleza, mpaka jembe lilipokuja likavua nyasi zake. Wote wawili hupatana kumlaumu jirani aliye juu, ng'ambo ya mpaka. Na huyo jirani wa juu husema kwamba vihamba vyake vimefunikwa na migomba na kahawa, hivyo tope halina budi linatoka barabarani. Kila mmoja ana ushahidi, nao ni ushahidi wa macho yake mwenyewe.

Mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya barazani tu. Watu wakikubaliana kwamba kosa ni la mifugo, hufunga sehemu ya malisho, na wakati wa ukame kama ule wa 2009, au ule wa 2020 mpaka 2022, jamaa aliyefungiwa malisho huweza kupoteza kundi lake zima. Wakikubaliana kwamba kosa ni la mashamba, hutumia siku nyingi za kazi ya pamoja kuchimba matuta. Na ikiwa tope kwa kweli lilikuwa likitoka katika kingo za korongo, malisho yamefungwa bure, matuta yamechimbwa bure, na mfereji umejaa tena kama zamani.

Kenya imekwisha kuonja uchungu wa jambo hili. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wa Machakos, ikisema hao ndio walioharibu udongo. Watu walikwenda Nairobi kwa maelfu wakiongozwa na Muindi Mbingu, ili wamshtakie Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, walakini kabla ya mwaka kwisha mpango wa kuwaondoa ng'ombe kwa nguvu uliachwa. Hakuna aliyekana kwamba vilima vya Machakos vilikuwa vikimomonyoka. Lakini walioamua waliona kwato, wala hawakuona kilichowasonga ng'ombe mahali pamoja, yaani mipaka ya rizavu na mashamba ya masetla yaliyochukua malisho ya zamani. Wamasai nao walikuwa wamehamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, wakabanwa katika rizavu ya kusini, ambayo Kajiado ni sehemu yake. Jicho huona mahali tope lilipo, nalo huliona upesi. Mahali lilipotoka hutaka uchunguzi.

MTO MREFU

Jina la Kajiado lenyewe limetokana na maneno ya Kimasai, Olkejuado, maana yake mto mrefu. Jina hilo linafaa, kwa sababu maji ya nchi hii husafiri mbali kuliko wengi wanavyofikiri.

Chukua pembe mbili za Kajiado zilizo mbalimbali kabisa. Pembe ya kaskazini ni Kitengela, karibu na Nairobi, ambako nyanda za malisho zimekatwakatwa kuwa viwanja vya nyumba. Maji ya Kitengela huingia katika Mto Athi, ambao huteremka kupita nchi ya Ukambani. Pembe ya kusini-mashariki ni Rombo, ambayo maji yake huelekea Mto Tsavo. Athi na Tsavo hukutana ndani ya nyika, na tangu hapo mto huitwa Galana, kisha ukikaribia pwani huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Hivyo chembe ya udongo iliyotoka kiwanjani Kitengela, na chembe nyingine iliyotoka malishoni Rombo, huweza kukutana na kulala pamoja ufuoni Malindi, ingawa wenyewe wa mashamba hayo hawajaonana kamwe.

Watu wa Malindi wanajua habari hizi vizuri. Msimu wa mvua bahari yao hugeuka rangi ya kahawia, na ufuo wa mji umesogea mbele kwa mchanga ulioletwa na mto. Lakini shahidi aliyeandika habari hizo kwa uangalifu kuliko wote si mtu, ni tumbawe. Tumbawe hukua mwaka kwa mwaka, likiongeza tabaka kama mti unavyoongeza duara katika shina lake, na katika kila tabaka huweka kidogo ya vitu vilivyokuwamo majini mwaka ule. Udongo wa bara huleta baharini madini iitwayo bariamu. Mwaka wa 2007 mabingwa walichapisha habari za tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, ambalo walilitoboa na kuipima bariamu tabaka kwa tabaka. Waliona kwamba tangu 1700 mpaka karibu na 1900 udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu sawasawa miaka yote. Baada ya hapo ulianza kupanda, wakati misitu ilipokatwa na mashamba ya masetla yalipofunguliwa, nao ukaendelea kupanda kadiri watu, mashamba na mifugo walivyoongezeka.

Tumbawe lilijibu swali moja, yaani tangu lini. Lakini halikuweza kusema kama chembe hii ni ya Rombo au ya Kitengela, ya shambani au ya barabarani. Kwa swali hilo yatupasa kurudi bara.

UDONGO UNA CHAPA KAMA NG'OMBE

Mmasai akikuta kundi la ng'ombe waliochanganyika mnadani, hapati taabu kuwagawa. Hutazama chapa na mikato ya masikio, akasema hawa ni wa ukoo fulani na wale ni wa ukoo fulani. Udongo nao una chapa zake, na ufundi wa kuutafuta mwanzo wa tope ni ufundi wa kuzisoma chapa hizo.

Chapa ya kwanza ni asili ya mawe. Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro umetokana na mawe ya volkeno, na una chuma kingi. Sehemu nyingine nyingi za Kajiado na Tsavo zina mawe ya kale zaidi, ambayo yakivunjika hutoa mchanga mweupe wa kung'aa na vipande vyembamba vya ulanga. Mchanganyiko wa madini katika tope huweza kumwambia fundi ni mawe gani yaliyolizaa.

Chapa ya pili ni kina cha udongo ulipotoka, na hapa kuna jambo la ajabu. Katika miaka ya 1950, na mpaka mkataba wa 1963 ulipozuia, mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya atomiki hewani. Vumbi lake lilizunguka dunia nzima likashuka na mvua, na ndani yake mlikuwa na kitu kiitwacho sesiamu, ambacho hushikamana na chembe za udongo wa juu. Basi udongo wa juu wa shamba au wa malisho una alama ya sesiamu, lakini udongo uliobomoka kutoka ndani ya ukingo wa korongo hauna, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa umefichwa chini. Alama hiyo inafifia, maana nusu yake hupotea kila miaka 30, na katika nchi zilizo karibu na ikweta ilishuka kidogo tangu mwanzo. Hata hivyo kwa vyombo vizuri yaweza kupimwa.

Chapa ya tatu ni uhai uliokuwamo udongoni. Udongo wa msituni una mboji nyingi, wa shambani una mboji chache zaidi, na wa kando ya njia au wa chini ya korongo una chache mno.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mafundi hukusanya udongo wa kila mahali panaposhukiwa: mashamba, malisho, njia, makorongo na kingo za mto. Hukusanya pia tope la mtoni wakati wa mvua. Huzichekecha sampuli zote ili chembe zilingane kwa ukubwa, kwa sababu chembe ndogo hubeba madini mengi kuliko mchanga mkubwa, na kulinganisha visivyolingana ni kujidanganya. Kisha hupima madini ya kila moja, na kwa hesabu hutafuta ni mchanganyiko gani wa zile asili uwezao kulizaa tope lile.

SONDU NA MAKUYUNI

Kazi ya namna hiyo imefanywa katika Kenya, na matokeo yake yaliwashangaza waliyoifanya. Katika bonde la Mto Sondu, karibu na msitu wa Mau Kusini-Magharibi, mito ya sehemu za wakulima wadogo ilikuwa na tope jingi kuliko mito ya msituni. Walioitazama nchi ile walidhani kwamba tope linatoka katika njia za udongo na katika makorongo, maana hayo ndiyo yaonekanayo vibaya machoni. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Kati ya sehemu 100 za tope, sehemu 75 zilitoka mashambani, 21 katika kingo za mito, 3 katika njia, na 1 tu katika makorongo. Shamba lililoonekana tulivu, lisilo na jeraha lolote, ndilo lililokuwa likihama polepole, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, katika kila mvua.

Tanzania nayo ina mfano, tena katika nchi inayofanana zaidi na Kajiado. Ziwa Manyara lililo katika Bonde la Ufa limekuwa likijazwa udongo. Mito kadhaa huliingia ziwa hilo kutoka pande mbalimbali. Mabingwa walizisoma chapa za udongo wa kila mto na kuzilinganisha na udongo wa ziwani, na katika habari zilizochapishwa mwaka wa 2020 walionyesha kwamba zaidi ya nusu ulitoka katika bonde moja, la Makuyuni, ambalo ni nchi ya Wamasai wafugaji yenye malisho yaliyochakaa na makorongo mengi. Mtu mwenye fedha kidogo na nia ya kuliokoa ziwa sasa anajua aanzie wapi.

Msomaji atazame vizuri: mahali pamoja mashamba yalishinda, na mahali pengine nchi ya malisho ndiyo iliyotoa sehemu kubwa. Kwa hiyo haifai kuichukua hesabu ya Sondu na kuibandika Rombo, wala ya Makuyuni kuibandika Sondu. Kila mto hujibu kwa ajili yake peke yake.

KUUFUATA MTO WA ROMBO

Je, watu wa Rombo wasio na vyombo vya kupimia madini wafanyeje? Wanaweza kufanya mengi kwa chupa, kwa macho yenye utaratibu, na kwa kutembea.

Kwanza, tope hufuatwa wakati wa mvua, si wakati wa jua. Watu wachache wagawane mahali ambapo vijito vinakutana, nao wachote maji ya kila kijito katika chupa nyeupe zilizo sawa, karibu wakati mmoja. Mtu asikaribie maji yanapopanda kwa nguvu. Kibuyu kilichofungwa kwenye mti mrefu chatosha. Chupa ziandikwe mahali na saa, kisha ziachwe zitulie siku mbili bila kutikiswa. Mchanga utashuka kwanza, udongo mfinyanzi mwisho. Hapo unene wa tope katika kila chupa utaonekana, na rangi yake pia. Penye njia panda ya maji, fuateni chupa yenye tope jingi, mkapande juu mpaka njia panda ya pili, na hivyo hivyo mpaka mwanzo.

Lakini jambo moja lisisahauliwe. Kijito kidogo chenye maji mazito sana huweza kuleta tope chache kuliko mto mkubwa wenye maji mepesi kidogo. Kwa hiyo pimeni pia upana wa maji, kina chake na mwendo wake, hata kama ni kwa kutupa kijiti na kuhesabu hatua. Tope la kweli ni wingi wa maji mara unene wa chupa.

Pili, pakeni udongo uliolowa juu ya karatasi nyeupe: kidogo cha shambani, kidogo cha malishoni, kidogo cha ukingo wa korongo, kidogo cha barabarani, na kando yake tope la mferejini. Ziache zikauke. Rangi si ushahidi wa kutosha mahakamani, lakini mara nyingi huondoa mmoja au wawili katika washtakiwa.

Tatu, someni miti. Bingwa Thomas Dunne na wenzake walichapisha mwaka wa 1978 kazi waliyoifanya katika nchi kavu za Kenya, ambako walitazama mizizi iliyobaki wazi juu ya ardhi. Mti huota mizizi yake ndani ya udongo. Ukiuona mzizi mkuu umesimama juu ya ardhi kiasi cha kiganja, basi udongo wa kiasi cha kiganja umeondoka tangu mti ule ulipoota. Wazee wanaojua umri wa mgunga fulani wanaweza kusema ni kwa muda wa miaka mingapi. Mwaka uliofuata Dunne alionyesha, kwa kulinganisha mito mingi ya Kenya, kwamba mabonde ya misitu hutoa tope chache kuliko yote, na mabonde makavu ya malisho yaliyolishwa kupita kiasi hutoa jingi mno.

Nne, tazameni mahali ambapo wengi hupita bila kuona. Njia ya ng'ombe iendayo chemchemini, ikishuka moja kwa moja, ni mfereji wa tope uliochimbwa kwa kwato. Daraja dogo la barabara likimwaga maji yote mahali pamoja, huzaa korongo chini yake. Mchanga ukichotwa mtoni kwa malori, kingo hukosa mguu zikaanguka. Na shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko huwa uchi kabisa katika juma zile za kwanza za mvua, wakati miche ingali midogo na matone yanaipiga ardhi bila kizuizi.

DAWA HUFUATA UGONJWA

Faida ya kazi hii yote ni kwamba kila asili ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Tope likiwa la mashambani, dawa ni kulima kwa kukingama mteremko, kuacha mabua juu ya ardhi, na kuchimba fanya juu, ambazo wakulima wa Ukambani wamezitumia kwa mafanikio makubwa. Vilima vile vile vya Machakos vilivyosemwa vimekufa katika miaka ya 1930 vilikuja kuvaa matuta, yaliyochimbwa na wenyeji katika vikundi vyao vya mwethya, hata watu walipokuwa wengi kuliko zamani. Tope likiwa la malishoni, dawa ni kulipumzisha eneo kwa zamu, kama desturi ya Wamasai ya kuitenga olopololi kwa ajili ya ndama, ambayo si elimu ngeni kwao. Likiwa la njia ya ng'ombe, inafaa njia ipindwe na birika la kunyweshea lisogezwe mbali na chemchemi. Likiwa la korongo, kazi huanza juu yake, mahali maji yanapoingia, kisha vizuizi vya mawe na miti huwekwa ndani. Likiwa la kingo za mto, mimea ya ukingoni iachwe iote, na jembe lisifike majini. Na likiwa la barabara, wenye barabara waambiwe, wakionyeshwa chupa.

Na ikiwa chupa zitaonyesha kwamba sehemu kubwa yatoka ng'ambo ya mpaka, haitafaa kitu kupiga kelele Illasit. Itafaa kuwapelekea majirani wa Tarakea ushahidi uliopimwa, pamoja na heshima. Mkulima wa Kichaga anayepoteza udongo wake hana furaha kuliko mkulima wa Rombo anayeuzoa. Wote wawili wanapoteza kwa mvua ile ile, mmoja shambani na mwenzake mferejini. Lakini yamkini pia chupa zitaonyesha kwamba tope latoka hapa hapa nyumbani, chini ya mpaka, na hapo heshima ile ile itawataka watu wa Rombo wayapokee maneno hayo.

Yafaa basi kwamba kamati za mifereji, wazee wa malisho na mabwana shamba wakutane kabla ya mvua za vuli, wakati makorongo yangali makavu na watu wana nafasi, wagawane chupa na mahali pa kusimama. Msimu mmoja wa kuchota na kuandika utagharimu kidogo kuliko siku moja ya kuzoa tope. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuziba, yapasa kujua ufa uko upande gani wa nyumba.